Zidaka za Vijiti

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu



Wahenga walinena kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Methali hii sote tumeikariri tangu shule ya msingi, na wengine wetu tumeitungia insha mara mbili tatu, tukamalizia kwa kusema kuwa tusidanganywe na uzuri wa nje. Mwalimu akatia tiki, mambo yakaisha. Leo sitaki kuieleza hivyo. Nataka tuingie huko ndani kwenyewe, tuzitazame kuta, kisha tuulizane: je, mtu asiye na kitu ana haja gani ya kupamba ukuta? Swali hili liliulizwa nyumbani kwetu kwa ukali, wakati ambapo hata unga ulikuwa wa kupimwa kwa kikombe. Jibu lake lilikuja kwa njia ya kitu ambacho ninyi nyote mmekilamba na kukitupa chini, yaani kijiti cha aiskrimu.

Najua wapo watakaocheka. Chekeni tu, lakini msifunge gazeti.

Kijiti hiki kina historia yake. Husimuliwa kwamba mwaka wa 1905, huko California nchini Marekani, mvulana wa miaka 11 aitwaye Frank Epperson alikoroga kinywaji kwa kijiti, akakiacha nje usiku wa baridi kali. Kulipokucha alikuta kinywaji kimeganda na kijiti kimesimama katikati kama mpini. Alipokuwa mtu mzima aliandikisha uvumbuzi huo, akapata haki yake kisheria mwaka wa 1924, na tangu hapo walimwengu wakawa wanalamba barafu bila kuloa vidole. Vijiti vingi vya aina hii huchongwa kutoka kwa mti uitwao mbetula, mti wa nchi za baridi, kwa kuwa mbao zake hazina ladha wala harufu ya kuharibu chakula. Kipimo chake cha kawaida ni urefu wa milimita 114, upana wa milimita 10 na unene wa milimita 2. Tafadhali vishikeni vipimo hivyo akilini, maana tutavihitaji mbele.

Sasa nije kwetu. Mama yangu mzazi alikuwa akiuza barafu huko Kisauni, Mombasa. Zamani aliziuza katika vijifuko vya plastiki, zile za kung'ata ncha kisha ukafyonza. Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, akabadili mtindo. Alinunua vikombe vya kugandishia, akaanza kutengeneza barafu za kijiti: za ukwaju, za embe, za ubuyu na za maziwa. Friji yetu ilikuwa kuukuu, inanguruma usiku kucha kama matatu iliyokwama mchangani, lakini ndiyo iliyotulisha baada ya baba kufariki. Saa nne asubuhi na saa tisa alasiri mama alikuwa langoni mwa shule na kasha lake la baridi. Joto la Mombasa mwalijua wenyewe. Mwezi wa Machi halina mzaha.

Basi mwanzoni mwa Machi 2020 zamu ya mama katika chama cha akina mama ilifika. Alipopokea pesa alinunua katoni nzima ya vijiti kwa bei ya jumla, shilingi 1,600. Ndani mlikuwa na pakiti 40, kila pakiti ikiwa na vijiti 50, yaani vijiti 2,000. Alikuwa amepiga hesabu ya muhula ule na sehemu ya muhula uliofuata. Hakufurahi hata wiki mbili. Jumapili ya tarehe 15 Machi, Rais wa wakati huo alitangaza kwamba shule zifungwe kwa sababu ya korona. Kesho yake lango lile la shule lilikuwa kimya kama makaburini. Tarehe 27 Machi kafyu ikaanza. Tarehe 8 Aprili Mombasa yenyewe ikafungwa, hakuna kuingia wala kutoka. Ama kweli, mipango si matumizi.

Mama alijaribu kuuzia nyumbani. Lakini nani angenunua? Majirani wengi walikuwa vibarua wa bandarini na wa mahotelini, na kazi zilikuwa zimesimama. Wachache waliobaki na shilingi kumi waliogopa kuwapa watoto kitu cha baridi wasije wakakohoa na mtaa mzima ukawakimbia. Mwishowe mama aliizima friji ili kuokoa tokeni za stima. Ile katoni ya vijiti ikasukumwa chini ya kitanda. Tulikuwa watu wanne katika chumba kimoja: mama, mimi na wadogo zangu wawili. Mchana kutwa tulitazamana, na tulipochoka kutazamana, tulitazama ukuta. Ukuta wenyewe ulikuwa mtupu isipokuwa msumari mmoja na kalenda ya mwaka uliopita.

Siku moja nilimwomba mama pakiti mbili za vijiti.

"Za nini?" akaniuliza.

"Nataka kutengeneza pambo la ukutani, mama."

Alinitazama kitambo kabla ya kusema. "Pambo? Mwanangu, watu wanatafuta unga, wewe watafuta pambo? Kwanza ukuta huu si wetu, ni wa mwenye nyumba. Kesho akitutoa, utaondoka nao?"

Sikuwa na la kumjibu. Naye hakuwa amekasirika nami, nilijua. Kodi ya chumba ilikuwa shilingi 3,000 kwa mwezi na miezi ilikuwa haitusubiri. Ila aliinama, akaivuta katoni, akanipa zile pakiti mbili. "Chukua. Zinakaa tu hapa."

Mlango wa tatu kutoka kwetu aliishi mzee mmoja fundi seremala, mtu wa Lamu, ambaye ujanani mwake alichonga milango ya nakshi. Naye kazi zilikuwa zimemwishia. Alishinda barazani akinoa patasi ambazo hazikuwa na mbao za kuchonga. Nilimwendea na pakiti zangu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Wataka nini, na barakoa yako hiyo?"

Nikamwonyesha vijiti. Alikitwaa kimoja, akakinusa, akakipinda taratibu kuona kinavyorudi, akakipitishia kidole ukingoni. "Mti mzuri huu," akasema. "Wataka kuunda nini?"

"Kishubaka, babu. Cha kutundika ukutani, tuwekee vitu."

Mzee akacheka. "Hicho kwetu chaitwa kidaka. Vikiwa vingi ni zidaka."

Hapo ndipo nilipopata somo ambalo sikuwahi kulipata darasani. Alinieleza kwamba katika nyumba za mawe za Lamu, zile za karne ya 18, kuna chumba cha ndani kabisa ambacho jina lake ni hilo hilo, ndani. Ukuta wa chumba hicho hupambwa kwa safu za vishubaka vilivyotiwa chokaa na nakshi, ndizo zidaka. Humo wenyewe waliweka taa zao na vyombo vya kauri vilivyokuja kwa majahazi kutoka ng'ambo. Mji huo wa kale uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka wa 2001, na mpaka sasa zidaka hizo zipo, mgeni anaweza kwenda kuziona. Kumbe ile methali ya nyumba njema ina ukuta wake! Kwa nje nyumba hizo ni mawe matupu na mlango. Uzuri wenyewe umewekwa huko ndani, anakofika aliyekaribishwa tu.

"Lakini hao walikuwa matajiri, babu," nikamwambia.

"Walikuwa matajiri, ndiyo. Wewe huna chokaa wala huna mawe ya matumbawe. Una vijiti. Basi unda kidaka cha vijiti. Kwani nani amekukataza?"

Ndugu msomaji, kuanzia hapa nakuomba ufuate kwa makini, kwa maana nataka ukimaliza kusoma uweze kuunda chako.

Umbo tulilolichagua lilikuwa pembesita. Sababu zake ni mbili. Ya kwanza, hakuna kijiti kinachokatwa, hivyo hakuna kinachopotea. Ya pili, pembesita zikipangwa ubavu kwa ubavu hazibakishi nafasi katikati, kama sega la nyuki. Mtu akiwa na moja leo na ya pili mwezi ujao, zitaungana tu kana kwamba zilinunuliwa pamoja. Pambo la mtu wa kipato kidogo lazima liwe la namna hiyo, la kukua polepole. Haba na haba hujaza kibaba.

Kwanza, chagua vijiti. Kilaze kila kimoja juu ya meza. Kikicheza kama kitanda kibovu, kiweke kando. Ikiwa ni vijiti vilivyokwisha kutumiwa, vioshe kwa maji moto na sabuni, uvianike juani hadi vikauke kabisa. Usipofanya hivyo sukari itawaita sisimizi, na nyumba itakuwa yao.

Pili, kama unataka rangi, tia rangi sasa kabla ya gundi, kwa sababu palipo na gundi hapapokei rangi. Si lazima ununue. Chemsha majani ya chai mengi katika maji machache, uvitumbukize vijiti usiku kucha, asubuhi vitakuwa na rangi ya kahawia ya kupendeza. Vianike tena, kisha uvipitishie msasa mwembamba.

Tatu, chora. Chukua karatasi ya manila na bikari yako, ile ambayo wengi wetu huifungua siku ya mtihani wa Hisabati tu. Chora duara lenye nusu kipenyo cha sentimita 10 na milimita 4. Bila kuubadilisha upana wa bikari, weka ncha juu ya mzingo na upige alama ukilizunguka duara. Utapata alama sita barabara, wala hutahitaji kupima pembe. Unganisha alama hizo kwa rula. Hiyo ndiyo pembesita yako, kila pembe nyuzi 120. Milimita 10 zilizobaki za kijiti ndizo zitakazokuwa ncha za kushikana, milimita 5 kila upande.

Nne, panga. Laza vijiti vitatu juu ya pande tatu, ukiruka upande mmoja kila mara: upande wa kwanza, wa tatu na wa tano. Tia tone la gundi nyeupe ya mbao kwenye kila ncha. Sasa laza vitatu vingine juu ya pande zilizorukwa, yaani wa pili, wa nne na wa sita, ncha zake zikikalia ncha za vile vya kwanza. Endelea hivyo hivyo, vitatu kwa vitatu. Kila safu huongeza milimita 2. Safu 30 hukupa kina cha sentimita 6, nacho kidaka kizima hula vijiti 90. Kila baada ya safu tano, inama utazame kutoka juu uhakikishe kwamba unaona pembesita moja tu na si mnara unaoinamia upande. Tone moja dogo latosha. Gundi ikifurika huacha madoa meupe yasiyotoka.

Tano, subiri. Hapa ndipo vijana wengi hushindwa. Gundi hushika baada ya nusu saa, lakini haijakomaa mpaka siku ipite, na kwetu pwani, penye unyevu hewani, heri siku mbili. Weka kitu kizito juu yake. Sisi tuliweka Kamusi ya Kiswahili Sanifu, kwa hivyo asiniambie mtu kwamba kamusi haina kazi. Kikikauka, paka vanishi mkono mmoja, kisha uning'inize ubavu wa juu kwenye misumari miwili midogo. Usiweke kitu kizito. Kikombe, redio ndogo, picha, ua, kibiriti na taa isiyowaka ndivyo saizi yake.

Kwa kuwa safu moja hukalia upande huu na nyingine upande ule, kila ubavu hubaki na mianya midogo kama ya dirisha la mbao. Jua la alasiri likipenya mlangoni, ukutani hutokea mistari ya mwanga na kivuli. Jambo hili hatukulipanga, lilijitokeza lenyewe, na wadogo zangu walikuwa wakiihesabu mistari hiyo kila siku.

Kidaka cha kwanza kilipomalizika, mama hakusema neno. Alikiangalia, akaendelea kuchambua mchicha. Lakini jioni nilimwona amekitoa kile kibahasha anachoweka picha ya marehemu baba, akaifuta picha kwa ncha ya leso, akaiweka ndani ya kidaka. Mimi nikajifanya sijaona.

Mteja wa kwanza hatukumtafuta. Alikuwa bibi mmoja mzee anayeishi peke yake upande wa pili wa kisima. Alipita kuomba chumvi, akasimama mlangoni, akakiangalia kile kidaka mpaka akasahau chumvi. "Kiasi gani hiki?" Mama akamwambia kwamba hakiuzwi, ni mchezo wa mtoto. Bibi akasema maneno ambayo mpaka leo sijayasahau: "Mwanangu, mimi huu ukuta wangu nimeutazama miezi mitatu. Haunijibu. Niundieni mimi viwili."

Alilipa shilingi 150 kwa kila kimoja, kwa awamu, na aliimaliza mwenyewe bila kukumbushwa. Mama aliposhika zile pesa alikaa kimya. Nadhani ndipo alipoelewa, nami pia ndipo nilipoelewa. Tulikuwa tumedhani kwamba wakati wa shida ndio wakati wa mwisho ambapo mtu angetaka pambo. Kumbe kabla ya hapo watu wa mtaa wetu walikuwa wakitoka alfajiri na kurudi usiku, nyumba ilikuwa mahali pa kulala tu, hakuna aliyezijua kuta zake. Sasa wamefungiwa na kuta hizo mchana na usiku. Mtu akikaa hivyo huanza kujiona kama mzigo uliowekwa ghalani. Kidaka kimoja chenye kikombe na picha kinamwambia kuwa yeye si mzigo, yeye ni mwenye nyumba, hata kama nyumba ni ya kupanga.

Kuanzia Juni hadi mwanzoni mwa Agosti tulifanya kazi kama kiwanda. Mama mwenyewe alikuwa akitia gundi, mimi napanga, wadogo wanachagua vijiti. Fundi alitufundisha pia vibao vya kuwekea vikombe: vijiti 11 vilivyolazwa ubavu kwa ubavu hutoa karibu mraba kamili, ukivifunga kwa vijiti viwili vya chini ni 13. Tukaongeza fremu ndogo za picha, kila moja vijiti 12.

Hesabu yetu ilikuwa hivi, nayo naitoa wazi kwa kuwa sipendi hadithi za mafanikio zisizo na hesabu. Zidaka 15 zilikula vijiti 1,350. Vibao 30 vilikula 390. Fremu 15 zilikula 180. Vijiti 80 vilikuwa vimepinda, tukavitumia kukorogea vanishi na kuwashia jiko. Jumla ni 2,000, katoni imekwisha. Tuliuza zidaka 12 kwa shilingi 150 kila kimoja, vibao seti tano za sita sita kwa shilingi 100 kila seti, na fremu zote kwa shilingi 50 kila moja. Tulipata shilingi 3,050. Gundi, msasa na vanishi vilitugharimu 650, tukabaki na 2,400. Ukitoa bei ya katoni, faida ni shilingi 800 kwa kazi ya zaidi ya miezi miwili.

Kwa hivyo asije mtu akasema kwamba vijiti vilituokoa. Havikutuokoa. Pesa hazikutosha hata kodi ya mwezi mmoja, na nyingi zilikwenda kwa unga, sukari na mafuta ya taa. Mwezi wa Agosti deni la kodi lilifika shilingi 9,000, mwenye nyumba naye akawa amechoka kusikia kesho. Mama akaiuza friji. Mnunuzi aliijua shida yetu, hakupanda hata shilingi moja juu ya 8,500. Zile 500 zilizopungua mama alizitoa katika kopo la majani chai tulimokuwa tukiweka pesa za zidaka. Zilikuwa ndizo zilizobaki. Tukabaki ndani ya chumba chetu.

Vijana wawili waliibeba friji ile wakaipakia kwenye mkokoteni. Palipokuwa pamesimama friji pakabaki alama ukutani, mraba mweupe, kwa sababu sehemu nyingine zote zilikuwa zimeingia moshi na vumbi. Mama aliketi kitandani akiitazama alama hiyo. Mwanamke aliyesimama langoni mwa shule juani miaka mingapi sijui, na kasha begani, sasa hana tena kitu cha kugandishia. Nilitaka kumwambia neno la kumliwaza, lakini maneno yangu yote yalikuwa ya insha. Nikanyamaza.

Baadaye akasema, "Vile vitatu vyetu viko wapi?"

"Viwili viko chini ya kitanda, mama, kimoja hiki cha picha."

"Hebu vitundike pale vyote. Nikiamka kesho sitaki kupaona pale pakiwa patupu."

Nikapiga misumari sita. Zidaka tatu zikashikamana kama sega, katikati ya ule mraba mweupe. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi: shule zilipofunguliwa tarehe 4 Januari 2021, mama alikuwa langoni na karai la viazi, biashara ambayo haihitaji friji, nayo ndiyo inayonilipia karo mpaka sasa. Na lile swali lake la kwanza, kwamba tukitolewa nitaondoka na ukuta, nalo lilipata jibu. Mwaka wa 2022 tulihamia chumba kingine. Niling'oa misumari sita, nikazifunga zidaka tatu kwa leso, nikazibeba kichwani. Ukuta tulimwachia mwenyewe.

Wenzangu, tuna mazoea ya kudhani kwamba kazi za mikono ni za wale wadogo zetu walioingia mtaala mpya ulioanza mwaka wa 2019 katika gredi za chini, wanaokuja nyumbani wakidai gundi na maboksi mpaka wazazi wanalia. Sisi tuliofanya KCPE ya mwisho mwaka wa 2023 tulikuwa tukisoma tupate alama, basi. Lakini mkono haujui mtaala. Hesabu ya pembesita niliielewa kwa vijiti kabla ya kuikuta kitabuni, na neno kidaka nililipata barazani kabla ya kulitafuta kwenye kamusi. Je, hilo si somo la Kiswahili?

Kwa hivyo nina ombi kwa Chama chetu. Kona ya Kiswahili pale maktabani ina meza moja, viti vinne na ukuta mtupu wenye msumari mmoja. Tuupambe. Zidaka saba zikizunguka moja katikati zitafanana na ua: sita pembeni na moja ndani. Zitahitaji vijiti 630. Katika kila kidaka tutaweka kadi yenye methali na maelezo yake, tuzibadilishe kila wiki. Msimamizi wa maktaba nimekwisha kumwuliza, amekubali mradi tusipige misumari mikubwa.

Kila Jumamosi ya michezo, aiskrimu zinapouzwa langoni, mtaniona nimesimama karibu na pipa la taka na mfuko wa karatasi mkononi. Msinicheke, nitieni vijiti vyenu humo. Na wewe usiyepitia langoni, viache kwa kiongozi wa darasa lako. Ila tafadhali vioshwe kwanza, visivyooshwa nitavirudisha.